Majina ya Vituo vya Barabara ya Thika kama Hifadhi ya Historia

Katika jimbo la Virginia, Marekani, mpango wa kusimika vibao vya historia kando ya barabara kuu ulianza mwaka 1927. Msafiri husimama, husoma sentensi chache juu ya bamba la chuma, kisha huendelea na safari yake akiwa amejua kwamba mahali fulani palipiganwa vita au alizaliwa mtu mashuhuri. Kati ya Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu, mabamba ya namna hiyo hayakuenea. Hata hivyo si kweli kwamba barabara hiyo ni bubu. Kazi ya bamba hufanywa na jina la kituo, au steji kama wasemavyo wasafiri wenyewe, na msomaji wa jina hilo ni makanga anayelipaza mlangoni mwa matatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi majina hayo yanavyohifadhi historia, na jinsi maandishi ya vibao yanavyoweza kuififisha.

Yafaa kuanza na Ruiru. Kigikuyu kina irabu saba, nazo huandikwa a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Vibao vya barabara hutumia herufi tano tu za irabu. Kwa hiyo Rũirũ, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mto mweusi, limekuwa Ruiru. Mzawa haoni taabu, kwa kuwa sikio lake hurekebisha kosa la jicho. Lakini mgeni, na hata mtoto wa mzawa aliyekulia Nairobi, haoni tena kwamba rũ- ya mwanzo ni upatanisho wa ngeli ya mto, rũũĩ, na kwamba -irũ ni kivumishi cha weusi. Kilichopotea ni alama mbili ndogo tu, na pamoja nazo imekwenda maana nzima.

Jina la Thika lina utata zaidi. Masimulizi yaliyoenea hulitoa katika kitenzi cha Kigikuyu guthika, yaani kuzika, na husema kwamba hapo walizikwa mashujaa wa vita baina ya Wagikuyu na Wamaasai. Kwa upande wa sauti hoja hii haina dosari: thika na zika ni neno moja la Kibantu katika lugha mbili, kama vile mathiko ya Kigikuyu yalivyo maziko ya Kiswahili. Lakini sauti peke yake haitoshi. Kabla ya ukoloni, maziko kwa Wagikuyu yalikuwa heshima ya wazee wenye mali na uzao. Maiti za wengine aghalabu ziliachwa porini. Maziko ya vijana wengi wa vita yangekuwa jambo la ajabu sana. Yawezekana kwamba ajabu hiyo ndiyo iliyolizaa jina. Yawezekana pia kwamba jina la mto lilitangulia, na kisa kikatungwa baadaye ili kulieleza. Wapo pia wanaolihusisha na neno la Kimaasai. Mwanaisimu mwangalifu hana budi kukiacha kisa cha mashujaa mahali pake, miongoni mwa masimulizi, bila kukidharau.

Tabaka la pili la majina ni la mashamba ya walowezi. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na nchi ya kahawa na mkonge ikapata njia ya kupeleka mazao yake nje. Makongeni, mtaa wa Thika, ni makonge yaliyotiwa kiambishi -ni cha mahali. Jina hili ni la Kiswahili katika nchi ya Wagikuyu, na pengine hilo lenyewe ni ushahidi wa vibarua wa makabila mbalimbali ambao lugha yao ya kazi ilikuwa moja. Baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa na vyama na kampuni za wananchi, nayo majina yakageuka. Wendani, upande wa Kahawa, ni upendano: kitenzi enda, kupenda, na kiambishi -an- cha kutendana ambacho Kiswahili nacho kinacho. Witeithie, karibu na Juja, ni amri yenye kiambishi cha kujirejea, ĩ-, sawa na ji- ya Kiswahili. (Mfasiri asithubutu kuandika “Jisaidie” juu ya kibao, msafiri wa Kiswahili angetafuta choo.) Kwa neno moja tu mtu husikia siasa nzima ya ardhi ya miaka ile.

Majina mengine yameshikamana na vitu vilivyokwisha kuondoka. Karibu na Ruiru kipo kituo kiitwacho Toll, kwa neno la Kiingereza la ushuru wa barabara, ingawa vizuizi vya ushuru huo viliondolewa katika miaka ya 1990, baada ya sheria ya mwaka 1993 kuanzisha tozo ya mafuta. Githurai 45 nayo hubeba nambari ya njia ya basi. Barabara yenyewe ilijengwa upya, ikafunguliwa Novemba 2012. Vizuizi, miti na vibanda vilihamishwa, majina yakabaki.

Alama moja ya Thika haikuhitaji jina la kituo. Huo ni mugumo uliosimama mahali paitwapo leo Bustani ya Mugumo. Husimuliwa kwamba Mũgo wa Kĩbirũ, mtabiri ambaye Jomo Kenyatta alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwa tahajia Mogo wa Kebiro, alitabiri kuwa mti huo ukianguka utawala wa wageni utakwisha; kwamba serikali ya kikoloni iliuzungushia kinga ili usianguke; na kwamba radi iliupasua mwaka 1963. Jina la mtabiri huyo kwa tahajia hizo mbili, moja yenye o na e na nyingine yenye ũ na ĩ, husomwa sawa na Mgikuyu. Tahajia ya tatu, Mugo wa Kibiru, isiyo na alama yoyote, ndiyo inayotumika zaidi katika magazeti.