Kuzimwa Si Kutulia: Kweli na Uongo Kuhusu Mashine ya Kurusha Theluji

Wazungumzaji wa Kiswahili wamejenga maisha Minneapolis, Portland ya Maine, Buffalo na Winnipeg, na huko kila msimu wa baridi huja na kazi yake. Mjini Minneapolis, mwenye nyumba ya familia moja hupewa saa 24 tangu theluji iache kuanguka awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Sepetu huchosha mgongo, hivyo wengi hutafuta mashine ya petroli. Mara nyingi huinunua iliyokwishatumika, kitabu chake cha maelekezo kikiwa kimepotea zamani, na ushauri hutoka kwa jirani, kwa shemeji, au kwenye kundi la WhatsApp. Tuupime ushauri huo mmoja mmoja.

“Injini ikishazimwa, unaweza kuzibua theluji kwa mkono.”
SI KWELI. Ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili. Katika mashine kubwa, parafujo la chuma lililo mbele hukusanya theluji na kuilisha feni iliyo nyuma yake, nayo feni huirusha nje kupitia bomba la juu. Theluji mbichi yenye maji hushikana na kuziba bomba hilo au kinywa cha mashine. Feni ikikwama ghafla, nguvu iliyokuwa ikiizungusha hubaki imebanwa kwenye mkanda na vyuma, hata baada ya injini kunyamaza. Ukivuta bonge lililoziba, nguvu hiyo hufunguka na feni hujizungusha. Hata mzunguko usiotimia unatosha kukata vidole, na glovu nene hazizuii kitu.

Utaratibu salama ni huu. Achia vishikio, zima injini, chomoa ufunguo, kisha subiri kila kinachozunguka kisimame. Zibua kwa kijiti kirefu. Mashine nyingi huja na kijiti cha plastiki kilichopachikwa kwenye mwili wake, na kama chako kimepotea, mpini wa ufagio utafaa. CPSC, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, inasisitiza hayo hayo: zima, kisha tumia kijiti, kamwe si mkono.

“Kishikio kinachosumbua kifunge kwa kamba.”
SI KWELI. Kishikio hicho kimewekwa ili ukiteleza kwenye barafu, mkono ukiachia, parafujo lisimame. Ukikifunga kwa kamba, utaanguka nayo mashine itaendelea kuzunguka karibu na miguu yako.

“Kwa usalama, punguza moto wa injini na uende polepole.”
NUSU KWELI. Miguu iende polepole, lakini injini iachwe kwenye kasi yake kamili. Feni inayozunguka kivivu hairushi theluji mbali, na bomba huziba upesi. Kila kuziba ni kishawishi kingine cha kuingiza mkono. Theluji ikiwa nzito, chukua nusu ya upana wa kinywa kwa kila safari. Ikiwa ni nyingi, usingoje iache kuanguka: pita mara mbili au tatu ingali inashuka. Kupulizia silikoni ndani ya bomba kabla ya kuanza pia husaidia theluji isigande.

“Mlango wa gereji ukiwa wazi, unaweza kuipasha moto ndani.”
SI KWELI. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi ileile ambayo nyumbani imeua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Mlango ulio wazi hautoshi kuitoa, na gereji iliyoungana na nyumba huipeleka hadi vyumbani. Sukuma mashine nje kwanza, ndipo uiwashe. Weka kengele ya kaboni monoksidi ndani ya nyumba, na uhakikishe betri yake inafanya kazi.

“Petroli ikiisha katikati ya kazi, ongeza haraka uendelee.”
SI KWELI. Tone linalodondoka kwenye chuma cha moto linaweza kuwaka. Jaza tanki kabla ya kuanza, ukiwa nje. Ikiisha njiani, zima injini na uiache ipoe kwanza.

“Petroli haiozi.”
SI KWELI. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu wa hewani. Unyevu ukizidi, maji na ethanoli hujitenga na kuzama chini ya tanki, mahali hasa injini inapovutia mafuta. Petroli iliyokaa pia huacha utandu unaonata ndani ya kabureta. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi vizuri Machi hukataa kuwaka Desemba.

Dawa ya kutunza petroli inafaa, lakini iwekwe kwenye petroli mpya, kisha injini iachwe ifanye kazi dakika chache ili mchanganyiko huo ufike kwenye kabureta. Haifufui petroli iliyokwisha kuharibika. Epuka pia petroli yenye ethanoli asilimia 15: sheria ya Marekani hairuhusu itumike kwenye injini ndogo kama hizi.

“Petroli ya bei ya juu huipa mashine nguvu.”
SI KWELI, ila ina jambo lake. Injini hizi hutosheka na petroli ya kawaida ya oktani 87, na oktani ya juu haiongezi nguvu. Faida iko kwingine: Minnesota, kwa mfano, vituo vingine huuza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya injini ndogo, na kwa kawaida huwa ya daraja la juu. Hiyo unailipia kwa sababu hutunzika.

“Lazima uchanganye petroli na oili.”
INATEGEMEA. Waliokulia na Vespa au pikipiki za zamani wanaujua mchanganyiko huo. Baadhi ya mashine ndogo za zamani bado zinautaka. Nyingi za leo zina sehemu mbili tofauti, tanki la petroli na mahali pa oili. Tazama vifuniko: kukiwa na cha oili peke yake chenye kijiti cha kupimia, usichanganye. Pima oili kabla ya kila kazi na uibadilishe walau mara moja kwa msimu. Aina ya 5W-30 hupendekezwa mara nyingi kwa kuwa haigandi upesi kwenye baridi.

“Pini inayokatika mara kwa mara, weka bolti ngumu.”
SI KWELI. Pini za kwenye parafujo zimetengenezwa laini kwa makusudi. Parafujo likigonga jiwe, au gazeti lililofukiwa na kuganda, pini hukatika na giaboksi hupona. Ukiweka bolti ngumu, kitakachovunjika safari ijayo ni giaboksi yenyewe, na bei yake inaweza kukufanya ununue mashine nyingine. Weka akiba ya pini za modeli yako. Kabla ya kubadilisha, zima injini na utenganishe waya wa plagi.

“Mashine hii inaweza kuvunja kioo cha jirani.”
KWELI, na inaweza kumjeruhi mtoto wake. Jiwe likiingia hutoka kwa kasi ileile ya theluji. Kabla theluji haijaanguka, ondoa vidude, kamba na mawe uani. Kwenye njia ya changarawe, inua kinywa cha mashine kwa kurekebisha viatu vya pembeni, kisizoe kokoto. Mashine ndogo ambayo makali yake ya mpira hugusa ardhi haifai hapo kabisa. Geuza bomba mbali na watu, magari na madirisha. Usielekeze theluji barabarani pia: Minnesota inakataza kwa sheria.

Ukiutazama ushauri mbaya wote huu, mwingi unakuahidi dakika chache: usitafute kijiti, usitoke nje, usingoje ipoe, usinunue pini. Dakika hizo zitafute Oktoba. Badilisha oili, toa petroli ya zamani, kagua mkanda na uhakikishe kijiti kipo mahali pake. Na kama kijana wa nyumbani ndiye atakayeisukuma, mfundishe kuzima na kuzibua kabla ya kumfundisha kuwasha.