Msimbo wa Hitilafu na Maana Yake: Uchunguzi wa Breki za ABS katika Mazingira ya Tabora

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kufasiri misimbo ya hitilafu za mfumo wa breki wa ABS, kwa kuzingatia mazingira ya Tabora na njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Hoja kuu ni kwamba msimbo hutaja njia ambayo taarifa imeshindwa kupita, bila kutaja kifaa kilichoharibika. Fundi anayeuchukua msimbo kama hukumu hununua sensa mpya, taa ya ABS huwaka tena baada ya siku chache, na mwenye gari hubaki na gharama pamoja na hatari ileile.

2.0 Mfumo na Misimbo Yake

Mfumo wa kielektroniki wa ABS uliotengenezwa na Bosch uliingia sokoni mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz. Katika magari mengi ya leo, kila gurudumu lina sensa inayosoma pete yenye meno au pete ya sumaku. Kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu. Gurudumu moja likikaribia kujifunga wakati wa kufunga breki, kompyuta hupunguza na kurudisha shinikizo la breki mara nyingi kwa sekunde, ili usukani uendelee kutii. Katika barabara ya changarawe ABS huweza kurefusha umbali wa kusimama, lakini dereva hubaki na uwezo wa kumkwepa mwendesha baiskeli au ng'ombe. Taarifa ikikosekana, kompyuta huwasha taa, huhifadhi msimbo na kuzima ABS. Breki za kawaida huendelea kufanya kazi, ila uwezo huo wa kukwepa hupungua. Kung'oa balbu ya taa hiyo huficha tu hali hiyo.

Misimbo ya chasisi huanza kwa herufi C. Msimbo C0035, kwa mfano, humaanisha hitilafu katika saketi ya sensa ya mwendo wa gurudumu la mbele kushoto. Katika magari mengi ya Toyota, gurudumu hilohilo huwakilishwa na C0205, na la mbele kulia na C0200. Kwa hiyo msimbo husomwa kwa kitabu cha gari husika. Neno lenye uzito hapa ni "saketi", kwa kuwa linajumuisha sensa, waya, plagi na kompyuta yenyewe. Tafsiri ya mkato, "sensa ya kushoto imekufa", huliacha neno hilo.

Historia ya Tabora inatoa mfano wa karibu. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya kwenda Ujiji, na barua za David Livingstone zikakwama Unyanyembe. Aliyekuwa mwisho wa njia aliona ukimya tu. Ukimya huo haukuonesha kama mwandishi hakuandika, tarishi alikwama au njia ilifungwa. Kompyuta ya breki nayo huwa katika hali hiyohiyo.

3.0 Hatua za Uchunguzi

Kwanza, misimbo yote huandikwa kabla ya kufutwa, kisha betri, fyuzi na kiwango cha mafuta ya breki hukaguliwa.

Pili, gurudumu lililotajwa huchunguzwa kwa macho. Waya wa sensa hupinda kila gari linaporuka shimo, na huweza kukatika ndani huku ganda lake likionekana zima. Vumbi la kiangazi na tope la mvua za Novemba hadi Aprili huingia kwenye plagi. Beringi iliyolegea nayo hubadilisha nafasi kati ya sensa na pete.

Tatu, mwendo wa magurudumu yote husomwa kwa mashine gari likienda polepole na kwa mstari ulionyooka. Usomaji unaoshuka mara moja katika kila mzunguko huelekeza kwenye pete. Unaokatika gari linaporuka huelekeza kwenye waya au plagi.

Nne, vipimo huchukuliwa. Ukinzani wa sensa ya koili, ambao mara nyingi ni takribani omu 1,000 hadi 2,000, hulinganishwa na wa upande wa pili na kitabu cha gari. Sensa za kisasa zenye elektroniki ndani hazipimwi kwa ukinzani; hukaguliwa umeme unaozifikia na ishara zinazotoa.

Tano, baada ya matengenezo msimbo hufutwa na gari hujaribiwa katika barabara ya aina ileile iliyoibua hitilafu.

4.0 Hitimisho

Sensa hubadilishwa pale tu waya, plagi, pete na beringi vimethibitishwa kuwa vizima. Kwa ufundishaji wa ufundi kwa Kiswahili, inafaa maelezo ya misimbo yatafsiriwe kikamilifu, neno "saketi" likiwemo, kwani ndilo linalomwongoza fundi kuikagua njia nzima kabla ya mteja kununua kifaa.