Heri Kivunjike Kikiwa Chini

Kila injini ninayoifanyia ovahoo, sikabidhi ufunguo kabla sijaiacha iungurume gari likiwa limesimama. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye bloku, mpini naubana sikioni, nasikiliza. Ndivyo nilivyounasa mlio hafifu wa kugonga kwenye injini ya basi dogo miaka kadhaa iliyopita. Mwenye basi alikuwa na abiria wa alfajiri, na hasira zilimpanda. Nikafungua sampo. Beringi moja ya konrodi ilikuwa imeanza kumenyeka, na chembe zake ziling'aa kwenye oili kiganjani mwangu.

Wengi wakiona injini iliyotengenezwa ikifunguliwa tena husema fundi hajui kazi. Mimi huwasimulia habari za Charlie Taylor.

Taylor alikuwa fundi katika duka la baiskeli la ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mjini Dayton, Marekani. Ndiye aliyewaundia injini ya ndege yao kwa takriban wiki 6, akitumia leizi na mashine ya kutobolea. Krenki aliichonga kutoka kwenye bonge la chuma. Injini ilikuwa na silinda 4, mwili wa alumini, na nguvu za farasi kama 12.

Februari 1903 wakaiwasha. Siku ya pili yake, petroli ikadondokea kwenye beringi, injini ikanoki, mwili wake ukapasuka. Kila fundi anajua petroli huosha oili, na chuma kikikosa oili hung'ang'ania chuma mwenzake. Ikabidi mwili usubiwe upya. Mei ndipo injini ikaunguruma tena.

Novemba walikuwa Kitty Hawk, walikokwenda kuijaribu ndege, kwenye mchanga na baridi. Injini ikawa inakosa moto, na kila ikishtuka, cheni zikawa zinazishtua shafti za propela kwa kishindo. Shafti zilikuwa mabomba ya chuma. Zikaharibika, zikarudishwa Dayton kwa Taylor. Zilipokuja nyingine nzito zaidi, sproketi zikawa zinalegea kila zikikazwa. Wakazigandisha kwa gundi ya matairi ya baiskeli, zikatulia. Tarehe 28 Novemba wakaona ufa kwenye shafti.

Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi. Hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, lakini mwisho unakatika. Chuma nacho huchoka hivyo hivyo.

Orville akapanda treni hadi Dayton, akarudi tarehe 11 Desemba na shafti za chuma cha springi zisizo na tundu, zinazoweza kunesa kidogo zikipigwa. Tarehe 17 ndege ikaruka: mara ya kwanza sekunde 12, mita kama 36, mara ya nne sekunde 59, mita 260.

Rubani wa ndege ile alilala kifudifudi juu ya bawa. Ufa ule usingeonekana chini, ungemkuta amelala pale, hewani.

Mwenye basi nilimpa ile beringi aishike. Aliigeuza mara mbili, akaniuliza ingefika wapi. Nikamwambia pengine mlimani, basi likiwa limejaa. Akawapigia abiria wake simu. Siku hizi akileta gari, kabla ya kuuliza bei, huniuliza: "Fundi, umeshaisikiliza?"