Taa ya Baiskeli Isiyowaka

Kijiji cha Sitalike kipo kusini mwa mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mto Katuma hupita hapo, nao una viboko wengi. Mchana viboko hukaa majini. Usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu. Mtu anayeendesha baiskeli gizani anaweza kumfikia kiboko kabla ya kumwona. Ni salama zaidi kufika nyumbani kabla ya giza. Lakini mtu akichelewa njiani, taa yake ni lazima iwake. Je, ikikataa kuwaka, utaitafutaje kasoro yake?

Umeme hutoka wapi?

Baiskeli nyingi zenye taa hupata umeme kutoka kwenye dinamo. Ndani ya dinamo mna sumaku, na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Baiskeli inapokwenda, tairi huzungusha kichwa cha dinamo, nacho huzungusha sumaku. Sumaku inapozunguka karibu na waya, umeme hutokea katika waya. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831.

Dinamo nyingi za baiskeli hutoa umeme wa volti 6. Ukienda polepole, mwanga hufifia. Ukisimama, taa huzimika. Hiyo si kasoro, kwa kuwa sumaku nayo imesimama.

Njia ya umeme

Umeme huhitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia hiyo nzima huitwa sakiti. Chunguza baiskeli yenye dinamo. Huenda ukaona waya mmoja tu unaotoka kwenye dinamo hadi kwenye taa. Njia ya kurudi iko wapi? Ni fremu yenyewe! Fremu ni ya chuma, na chuma hupitisha umeme. Lakini rangi na kutu huzuia umeme. Ndiyo sababu dinamo nyingi hufungwa kwa skrubu yenye ncha kali, ambayo hutoboa rangi na kugusa chuma.

Kutafuta kasoro

Usifungue kila kitu kwa mara moja. Fuata njia ya umeme, hatua kwa hatua.

1. Dinamo. Inua gurudumu, na mwenzako alizungushe. Weka vidole mbali na spoki. Je, kichwa cha dinamo kinazunguka pamoja na tairi? Kikiteleza kwa sababu ya matope au maji, kifute pamoja na tairi.

2. Balbu. Itoe balbu, utazame uzi mwembamba uliomo ndani. Uzi ukiwa umekatika, balbu imeungua. Kama huoni vizuri, iunge balbu na betri mbili za tochi zilizopangwa kwa kufuatana. Balbu nzima itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu.

3. Waya. Uchunguze tangu mwanzo hadi mwisho. Je, umekatika, umelegea au umechubuka? Waya uliochubuka ukigusa fremu, umeme hurudi kwenye dinamo bila kupita katika balbu.

4. Fremu. Kwangua kutu mahali dinamo na taa zilipofungwa, kisha kaza skrubu.

Baada ya kila hatua, jaribu taa tena. Ukirekebisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoleta kasoro.

Baiskeli za mota

Siku hizi zipo baiskeli zinazoendeshwa kwa mota ya umeme. Hizo hutumia betri kubwa. Kanuni ni ile ile: umeme hutoka kwenye betri, hupita katika swichi, nyaya na mota, kisha hurudi kwenye betri. Njia ikikatika popote, mota haizunguki. Lakini usifungue betri hiyo, kwani inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi. Wala usifanye majaribio kwa umeme wa nyumbani. Umeme huo unaweza kuua.

Maswali

1. Kwa nini taa ya dinamo huzimika baiskeli inaposimama?
2. Eleza jinsi kutu inavyoweza kuzima taa.
3. Balbu ni nzima na dinamo inazunguka vizuri, lakini taa haiwaki. Utachunguza nini? Toa sababu.