Nyumba za Mawe za Ibo Zahitaji Wakazi

Safari ya kwenda kisiwa cha Ibo huamuliwa na maji. Abiria hufika Tandanhangue, pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakangoja bahari ijae ndipo mashua iweze kupenya kati ya mikoko. Ng'ambo hukuta mji wa mawe: barabara pana, baraza zenye nguzo, na magofu ambayo mikuyu imepitisha mizizi yake kutani. Wenyeji ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu wa Kiswahili.

Mji huo ulistawi katika karne ya 18 chini ya utawala wa Wareno. Utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na pembe za ndovu na watumwa, waliosafirishwa hata visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Ufaransa. Ngome ya São João, yenye umbo la nyota, ilijengwa mwaka 1791. Wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964, wakoloni waliwafunga humo wazalendo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1975, wafua fedha walipata mahali pa kazi katika ngome hiyo hiyo. Hivyo jengo lililokuwa la mateso likawa la riziki.

Kilichoibomoa Ibo kwanza hakikuwa mizinga bali upweke. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya utawala yalihamishiwa Porto Amélia, ambayo sasa ni Pemba. Wafanyabiashara wakafuata, na nyumba zikabaki tupu. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa hudumu iwapo ina mtu wa kuitazama. Paa likivuja, boriti huoza. Boriti zikianguka, mvua huingia ndani ya ukuta na kuulegeza. Hata saruji, ambayo wengi huiona kuwa dawa, huufungia unyevu ndani. Ukuta wa chokaa hutakiwa kuzibwa kwa chokaa.

Ndiyo sababu mapema katika karne hii majumba kadhaa yalikarabatiwa yakawa nyumba za kulala wageni. Fedha ya mgeni ilinunua chokaa, ikamlipa fundi na mvuvi, na taa ikawaka tena katika vyumba vilivyokuwa makao ya popo.

Kisha mitihani miwili ikafuatana. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 yaliwafukuza watalii. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaezua mapaa na kuangusha sehemu kubwa ya makazi ya kisiwa. Hata hivyo Ibo, iliyojeruhiwa, iliwapokea wakimbizi kutoka bara na visiwa jirani. Hao nao walikuwa wageni, ingawa hawakuwa na cha kulipa.

Askari wa nchi kadhaa za Afrika, wakiwamo wa Tanzania na Rwanda, walipelekwa Cabo Delgado kuanzia mwaka 2021. Kazi ya silaha ni kumwezesha mwenye nyumba kurudi kwake. Kazi inayobaki ni ya ngazi, mwiko na ndoo ya chokaa, nayo haina mwisho. Wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.