Evelyn Preer, nyota wa filamu zilizopotea

Kwa miongo kadhaa, filamu inayomwonyesha mwigizaji Mmarekani Mweusi Evelyn Preer katika ubora wake ilikuwa kabatini huko Uhispania, ikiitwa La Negra. Kwao Marekani walishaihesabu kuwa imepotea. Ilipotambulika kwamba ndiyo Within Our Gates ya mwaka 1920, mkanda ulirudishwa Washington, na mwaka 1993 Maktaba ya Bunge ikamaliza kuukarabati. Yale maneno yanayotokea katikati ya picha, kwa kuwa filamu ni bubu, yalikuwa karibu yote kwa Kihispania, ikabidi yaandikwe upya kwa Kiingereza.

Bila mkanda huo tungekuwa tunalisoma tu jina lake kwenye magazeti makuukuu ya Wamarekani Weusi. The Homesteader, iliyomtoa mwaka 1919, haijulikani iliko. The Brute, Deceit, Birthright na The Conjure Woman alizocheza nazo zimekwenda vivyo hivyo. Mwongozaji wake, Oscar Micheaux, hakuwa na kampuni kubwa ya kumtunzia kazi. Alizunguka na nakala zake chache mji kwa mji, akizinadi mwenyewe kwa wenye majumba ya sinema.

Preer alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1896. Baba alipofariki, mama akahamia naye Chicago. Mama alikuwa mtu wa dini hasa, na inasimuliwa kwamba binti alikuwa akihubiri barabarani kuchangisha fedha za kanisa, ndipo Micheaux akamwona. Naiona ni simulizi yenye mantiki. Aliyezoea kumsimamisha mpita njia mwenye haraka zake hawezi kubabaishwa na kamera.

Micheaux naye hakuwa mtu wa kawaida: alilima Dakota Kusini, akaandika riwaya na kuziuza mlango kwa mlango, kisha akaamua riwaya yake aitengeneze filamu mwenyewe. Hiyo The Homesteader ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani Mweusi. Preer alikuwa Orlean, mke anayevutwa huku na mume, kule na baba mchungaji.

Katika Within Our Gates ni Sylvia Landry, mwalimu anayekwenda Boston kutafuta fedha za shule ya watoto Weusi wa Kusini. Mwanzo una wahusika wengi mno, na kwa maoni yangu Micheaux anachelewa kufika anakokwenda. Vumilia. Mwishoni historia ya Sylvia inafunuliwa: kundi la Wazungu linawanyonga wazazi waliomlea na kuwasha moto, na wakati huohuo, ndani ya nyumba, mzee wa Kizungu anamvamia. Picha zinapokezana, moto huku, chumba kule. Preer anapambana kwa mwili mzima, bila zile mbwembwe za mikono tulizozoea kwenye filamu bubu. Kinachomsimamisha mshambuliaji ni kovu analoliona kifuani mwa Sylvia: huyu ni binti yake wa kumzaa.

Chicago ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za rangi za mwaka 1919 zilizoua watu 38, na bodi ya udhibiti iliikataa filamu hiyo kwanza. Ilipita baada ya kukatwakatwa.

Lakini ajira ya kila siku ya Preer ilikuwa jukwaani. Alijiunga na Lafayette Players, kikundi kilichoasisiwa na Anita Bush mwaka 1915, kikajijengea jina Harlem. Walibadilisha tamthilia karibu kila wiki: usiku unacheza hii, mchana unakariri nyingine. Humo ndimo alimopata mume, mwigizaji mwenzake Edward Thompson. Mwaka 1923 aliingia Broadway na kikundi cha Ethiopian Art Players kutoka Chicago, akicheza Salome wa Oscar Wilde. Msimu huohuo kikundi hicho kilipandisha The Chip Woman's Fortune ya Willis Richardson, tamthilia makini ya kwanza ya mwandishi Mweusi kufika Broadway.

Miaka mitatu baadaye mtayarishaji wa Broadway David Belasco alimchukua kwenye tamthilia ya Lulu Belle, kisa cha mwanamke wa Harlem. Aliyepewa nafasi ya Lulu Belle ni Lenore Ulric, Mzungu aliyejipaka rangi. Preer alikuwa msaidizi na mbadala wake, yaani aliyajua maneno yote ya mhusika huyo na kungoja mwenzake augue. Belasco alisifiwa kwa kuajiri Weusi wengi namna ile. Sifa hiyo mimi naipokea nusu.

Lafayette Players walipohamia Los Angeles mwaka 1928, Preer alipata hatimaye nafasi ya ukubwa wake: Sadie Thompson katika tamthilia ya Rain. Sauti ilipoingia kwenye filamu alikuwa tayari, kwa kuwa alishaimba na kurekodi akisindikizwa na bendi ya Duke Ellington. Hollywood ilimpa vichekesho vifupi na vinafasi vya pembeni, kama mfungwa katika Ladies of the Big House.

Aprili 1932 alijifungua binti, Edeve. Novemba 17 mwaka huohuo nimonia ikamuua, akiwa na miaka 36. Mtoto alikua akawa mtawa wa Kifransisko, Sista Francesca Thompson, akafundisha Chuo Kikuu cha Fordham. Tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1972, aliiandika juu ya Lafayette Players.