Ukoko kwa Glasi

Kuna swali kila weita wa Nai anakuuliza hata kabla matako igonge kiti: "Baridi ama moto?" Mimi jibu yangu imekuwa moja tangu nifikishe miaka 18. Baridi, tena ile ya kutoka chini kabisa kwa friji, chupa ikitokwa jasho. Mabuda wa base yetu ni timu moto, wanasema baridi inaua koo. Hiyo vita haiishangi.

Sasa Ijumaa fulani tulikuwa tumeangukiwa na ganji kiasi, beshte yangu akasema leo si pale kwetu, leo tunaenda kwa wasee wa krafti. Ni kaplace fulani pande za Ngong Road, matangi ya chuma yako nyuma ya kioo yanang'aa ka sufuria za harusi. Jina sitaji, msije mkasema nimelipwa. Nikaitisha ka kawaida: "Laga, baridi sana." Dem wa kaunta akaniangalia na ile huruma unapeanga mtoto amevaa viatu kinyume. "Laga yetu ni ya amba, haiuzwi hivyo. Inakuja venye inafaa."

Ikaja. Rangi ni strungi imekolea, ukiinua kwa taa unaona wekundu kwa mbali. Nikapiga fundo moja, nikanyamaza. Maze, hiyo ladha nilikuwa naijua, na haikuwa ya bia. Ilikuwa ukoko. Ule wa ugali unabaki kwa sufuria, mnagombania na sista yako hadi mathe anawafukuza jikoni.

Nikauliza wamewekea nini. Hakuna kitu wameongeza, ni kimea tu. Shayiri inalowekwa, inaachwa iote kidogo, halafu inakaushwa. Zile laga za manjano tumezoea, kimea chake kinakaushwa na joto la upole. Ya amba inachapwa joto zaidi, sukari na protini zinashikana, rangi inageuka. Ni kile kitu kinafanyika kwa chapo ikianza kupata madoa. Hapo ndo unaskia mkate umechomwa, karameli kwa mbali, lakini si tamu ati ka soda. Mwisho hopsi inakuja na uchungu kidogo, inasafisha mdomo.

Na hii kitu iko na stori ya ukora. Mwaka 1833 kijanaa wa Vienna anaitwa Anton Dreher, na beshte yake Gabriel Sedlmayr wa Munich, walienda kuzunguka viwanda vya bia Uingereza. Waingereza walikuwa wamejua kukausha kimea vizuri, bila moshi kuharibu ladha. Hao wawili wakajifanya wageni wapole, kumbe wamebeba fimbo ya kutembelea iko na tundu ndani. Mwenyeji akigeuka, fimbo inazama kwa pipa, inatoka na sampo, wakifika kwa rumu wanaipima. Kwetu hapa mngeitiwa mwizi mara moja. Dreher akarudi nyumbani, na 1841 akatoa laga ya rangi ya shaba hapo Schwechat, nje tu ya Vienna. Ikawaka. Shida ni mwaka uliofuata wasee wa Plzeň walitoa yao ya dhahabu, na hiyo ndo ilikuja kuteka dunia. Hata Tusker, yenye imekuwa sokoni tangu miaka ya 1920, ni ya huo ukoo wa manjano. Ya Dreher ilikaribia kuisha kwao, Mexico ndo wakailea.

Cha kuchekesha, laga yenyewe ni mtoto wa baridi. Hamira yake inapenda kufanya kazi kwa nyuzi 10 hivi, halafu bia inawekwa karibu na kuganda, wiki na wiki, hadi itulie. Lakini ukiinywa ikiwa imeganda, ulimi unakufa ganzi, ukoko wote unapotea. Inataka nyuzi 7 hadi 10, yaani si timu yangu na si timu ya mabuda. Glasi ya nusu lita ilinigonga punch na kitu, kwa hivyo nilikuwa na sababu nzuri ya kuinywa polepole.

Nusu ya glasi ikiwa imepata joto kidogo ndo nikakumbuka ukoko mwingine. Ocha, kukhu alikuwa anapika busaa. Unga wa mahindi unakandwa, unavundikwa siku kadhaa, halafu unakarangwa juu ya bati, moto chini, hadi ugeuke rangi na boma nzima inukie. Baadaye wimbi iliyoota inaongezwa. Wimbi iliyoota ni kimea pia, bana. Kukhu hakuhitaji fimbo ya mtu.

Wiki iliyofuata nikarudi base, ganji imeisha, mambo ni ya chupa ya kawaida. Weita akakuja: "Baridi ama moto?" Nikamwambia atoe kwa friji, aiwache hapo kwa meza dakika kumi, asifungue. Mbogi nzima ikaniangalia ka msee ameokoka. Buda mmoja wa timu moto akavuta kiti karibu, akaniuliza polepole kama nyumbani kuko sawa.